Saiba ya Kibuye iliyonichapia barua ya kujitoa chamani

Kama uko Kisumu na unatafuta mahali pa kuchapiwa barua bila kuharakishwa, kuna saiba ndogo ng'ambo ya barabara kutoka soko la Kibuye, ghorofani, juu ya duka la mataulo na vyandarua. Jina lake sitaliandika. Kazi niliyoipeleka pale ni ya siasa na sitaki kijana wa watu asumbuliwe kwa sababu yangu. Kwa sababu hiyohiyo sitaandika jina la chama. Aliye sokoni aje kwenye kibanda changu cha mitumba nimwelekeze kwa mdomo.

Nilienda Jumanne asubuhi. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko na Jumatatu nafungua belo, kwa hiyo Jumanne ndiyo siku yangu ya shughuli zangu. Nilikuwa na mambo mawili: kuangalia kama jina langu limo katika daftari la chama, na kuandika barua ya kulitoa.

Chumba ni kidogo. Kompyuta ni nne, moja imeharibika na imefunikwa kwa leso. Kijana alikuwa peke yake, umri wa mwanangu wa mwisho. Alinisogezea kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu mama, nikusaidie na nini?"

Nikamwambia. Hakucheka, hakuuliza mbona, wala hakuita mtu mwingine aje asikie. Hilo la kwanza nampa alama zote. Nimewahi kwenda saiba nyingine mjini kujaza fomu ya mkopo, na waliokuwa kwenye foleni wakajua shida zangu zote kabla sijaketi.

Neno la siri la eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, nilikuwa nimelisahau. Alilirudisha kwa namba iliyokuja kwenye simu yangu, na nilipokuwa naandika jipya aligeuza uso akatazama dirishani mpaka nikasema nimemaliza. Kisha akaingia kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa. Haikuchukua muda. Jina langu likatoka, na la chama.

"Uko ndani, mama. Ni hiki chenyewe?"

Nikamuuliza kwa nini aulize hivyo. Akasema wengi wakija kuangalia hujikuta wako katika chama ambacho hawajawahi hata kukisikia. Nikakumbuka. Mwaka 2021, daftari hilo lilipoanza kuangaliwa mtandaoni, Wakenya wengi waligundua wameandikishwa bila ridhaa yao, na malalamiko yakafika hadi kwa Kamishna wa Data. Mimi sikuandikishwa na mtu. Nilijiandikisha mwenyewe mwaka 2006, na kadi yangu ilikuwa mkobani siku ile, imeng'olewa laminesheni pembe moja, picha yangu bado ina nywele nyeusi. Niliiweka mezani. Akaitoa fotokopi, mbele na nyuma kwenye ukurasa mmoja, shilingi 5.

Tukaja kwenye barua. Kijana anajua kazi yake. Aliniambia Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011, kifungu cha 14, inataka ilani ya maandishi kwa chama, na Msajili ajulishwe ndani ya siku 7. Ana mfano wa barua kwenye mashine yake, mistari mitatu: mimi fulani, kitambulisho namba fulani, najitoa. Akasema, "Sababu si lazima, mama. Sheria haidai."

Nikamwambia mimi nataka iandikwe.

Hapo ndipo kazi ya dakika kumi ilipogeuka kuwa ya saa moja na nusu, na hapo ndipo nilipojua nimefika mahali pazuri. Hakuongeza bei. Alisogeza kibodi, akasema, "Sema polepole, nitaandika unavyosema."

Nilianza na baba yangu. Sisi ni wa Kaloleni, hapa hapa Kisumu, na baba alikuwa fundi seremala. Jaramogi Oginga Odinga alipoacha umakamu wa rais mwaka 1966 akaenda kuanzisha chama cha upinzani cha KPU, baba alichukua kadi. Alikuwa akituambia: mtu ana gari, ana ofisi, ana walinzi, anaviacha kwa sababu ya jambo analoliamini, huyo ukimfuata hupotei. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tunayoiita Russia, baba alikuwa katika umati uliopigwa risasi. Nilikuwa na miaka minne. Siikumbuki siku yenyewe. Ninachokumbuka ni kiatu kimoja. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja cha ngozi cha kahawia, mguu wa kushoto, na mama hakukitupa. Kilikaa juu ya kabati miaka mingi, nasi watoto tukijua hakiguswi. KPU ilipigwa marufuku siku chache baadaye na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Kijana aliandika yote hayo. Kisha akasoma kwa sauti na kuniuliza, "Hapa umesema 'umati uliopigwa risasi'. Niache hivyo au niseme 'uliofyatuliwa risasi'?" Nikamwambia aache. Akaacha. Katika muda wote ule hakubadilisha neno langu hata moja bila kuniuliza, na hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika tathmini hii.

Sasa nisieleweke vibaya. Sijitoi kwa sababu chama kilizungumza na serikali. Nina miaka sitini, nimeona mazungumzo mengi. Jaramogi mwenyewe mwaka 1993 alikubali kushirikiana na serikali ya KANU. Machi 2002 chama cha NDP kilijiunga na KANU kule Kasarani, na Oktoba mwaka huohuo waliohama KANU wakasimama Uhuru Park na "Kibaki Tosha", yaani Kibaki ndiye awe mgombea urais. Mwaka 2008, baada ya damu ya uchaguzi iliyomwagika nchini, na mji huu ukawaka moto, Kofi Annan akakaa na pande mbili mpaka mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Februari. Mimi nilishukuru Mungu. Katika serikali ile ya mseto tukapata Katiba ya 2010. Mtu akiniambia mkataba ule ulikuwa usaliti, nitabishana naye mpaka jioni, kwa sababu kilichobadilishwa pale ni viti, na kilichopatikana ni kitu tulichokuwa tukikidai tangu miaka ya tisini.

Hata salamu za mkono za kiongozi wetu na Rais Uhuru Kenyatta, tarehe 9 Machi 2018, nilizivumilia. Ndugu yangu, ambaye ana pikipiki tatu za boda na moyo wake wote uko chamani, hunihesabia matunda yake. Uwanja wa Mamboleo, tukasherehekea Madaraka pale tarehe 1 Juni 2021. Reli ya Nakuru hadi Kisumu ikafufuliwa, treni ikaanza tena kubeba abiria Desemba mwaka huohuo. Kweli. Nimepanda treni ile na wajukuu, na waliposhuka hawakutaka kwenda nyumbani. Ndugu yangu husema mkono mtupu haulambwi, na kwamba watu wa huku tumelala njaa ya upinzani miaka sitini wakati wengine wanajengewa. Anaposema hivyo haniudhi. Ana haki ya kuchoka. Tumechoka sote.

Kinachoniuma ni 2023. Hicho ndicho kiini cha barua.

Serikali ilileta sheria ya fedha ile. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye petroli ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na waajiriwa wakaanza kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Chama na wenzake kilisema haya ni mambo ya kufa na kupona. Tuliambiwa tutoke. Mimi ni mtu wa kuuza nguo, siku moja nikifunga najua usiku nitapika nini na nitaacha nini, lakini zilipoitwa siku za maandamano nilifunga. Nilifunga Jumatano, nikafunga Alhamisi. Belo langu moja lilikwama njiani siku tatu, na lilipofika nguo za chini zilikuwa zimelowa. Sikulalamika. Niliona ni mchango wangu.

Julai ile, kijana wa jirani yangu, anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari kwenye kopo la kubeba, alipigwa risasi ya paja mtaani Kondele, hapa Kisumu. Hakufa. Alilala hospitali wiki kadhaa, na leo anatembea kwa gongo. Kazi ya kutembeza mayai inataka miguu miwili. Sasa anakaa mlangoni kwa mama yake na kopo liko magotini, anauzia wapita njia.

Halafu ikaja 2024. Tarehe 25 Juni vijana wa nchi nzima, ambao hawakuitwa na chama chochote, waliingia barabarani kwa sababu ya mswada mwingine wa fedha, na wengi wakauawa. Mwezi mmoja tu baadaye, damu haijakauka, mwenyekiti wa taifa wa chama na manaibu wawili wa kiongozi wa chama waliteuliwa kuwa mawaziri. Wizara ya Fedha yenyewe ikawa mikononi mwa mtu wa chama kilichonifungisha kibanda kwa sababu ya kodi. Na kodi ya petroli ilibaki 16. Ile 1.5 ya nyumba ilibaki. Binti yangu ni mwalimu wa shule ya watu binafsi, nimeona karatasi yake ya mshahara, mstari ule bado upo.

Tarehe 7 Machi 2025 makubaliano ya chama chetu na chama cha Rais yakatiwa saini pale KICC, Nairobi, vipengele kumi. Nilivisoma vyote kwenye simu, nikiwa nimekaa juu ya belo. Ni vizuri. Kuna deni la taifa kukaguliwa, kuna ugatuzi kuimarishwa, kuna haki ya kuandamana kwa amani, kuna fidia. Ningeviandika mwenyewe nisingeandika tofauti sana. Nikaenda kwa jirani nikamsomea kijana kile cha fidia. Akaniuliza, "Sasa niende wapi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, na yeye hajaitwa popote.

Kijana wa saiba alisimama kuandika hapo. Akaniuliza kama anaruhusiwa kusema kitu. Akasema yeye alikuwa mtaani tarehe 25 Juni. Hakusema zaidi, nami sikumchimba. Akarudi kwenye kibodi.

Nilimwambia aandike hivi, nami nainakili hapa kama ilivyo kwenye barua: "Jambo mlilotuambia tulifie, lilikuwa letu sote. Hamkuwa na haki ya kulipeleka mezani kulibadilisha na wizara bila kutupigisha kura sisi tulioambiwa tufe."

Mashauriano yalikuwapo, siwezi kusema hayakuwapo. Viongozi walizunguka, mikutano ikafanywa, watu wakashangilia majukwaani. Lakini kura ya wanachama haikupigwa. Mtu mwenye kadi hakuulizwa ndiyo au la. Kifungu cha 91 cha Katiba kinavitaka vyama viendeshwe kidemokrasia, na sheria inavipa vyama fungu la fedha kutoka kodi yetu, asilimia 0.3 ya mapato ya taifa igawanywe kwa vinavyostahili. Kama nalipa, na kama nafunga kibanda, basi niulizwe. Ningeulizwa na kura yangu ikashindwa, ningenyamaza na kadi ingebaki mkobani. Namwambia ndugu yangu hivyo kila siku na naamini ananielewa, ingawa hakubali.

Kuna lugha pia. Zamani kwenye mikutano neno lilikuwa haki. Mtu alisimama akisema haki, na hata kama hakuwa na kipaza sauti ulimsikia. Siku hizi ni nafasi. Tumepata nafasi ngapi, nani amepata nafasi, 2027 tutaongezewa nafasi. Nimekaa kwenye vikao nikihesabu kwa vidole. Siku moja nilihesabu "nafasi" mara kumi na nne, na bei ya unga haikutajwa hata mara moja.

Mbona sikujitoa mapema? Kwa sababu ya Mzee, kiongozi wetu wa chama. Nilimpenda na bado nampenda. Niliona nitaandika barua lakini sitaiandika akiwa hai, itaonekana namtukana, naye alikwenda jela kwa ajili ya vitu ambavyo mimi navitumia bure. Alipofariki kule India tarehe 15 Oktoba 2025, mji ulizimika. Tarehe 18 nilikuwa Mamboleo kabla ya jua, nimejifunga leso mbili, nikasukumwa, nikakanyagwa, na nikamuaga. Nikasubiri msiba uishe. Arobaini ilipopita nikaona sasa naweza kuandika, na ninayemwandikia si yeye.

Stima ilipotea tukiwa hapo. Moyo wangu ulikwenda mbio, kwa sababu maneno mengine nisingeweza kuyasema tena vilevile. Kijana akasema, "Usiogope, mama, nahifadhi kila sentensi." Mashine yake ina betri ndogo ya akiba chini ya meza, inalia pi, pi, pi, lakini inashikilia. Printa ndiyo haishiki. Tulikaa dakika ishirini tukingoja, akamtuma mtoto wa duka la chini aniletee chai. Chai niliilipa mwenyewe, shilingi 20. Wakati wa kungoja alinisomea barua yote tangu mwanzo, pole pole, na mahali pawili nikapunguza. Nilikuwa nimewaita viongozi wetu jina baya. Nikaona baba asingependa. Tukalitoa.

Stima iliporudi akaprinti. Nakala ya kwanza ilitoka na mstari mweusi ubavuni tangu juu mpaka chini. Akaikunja akaitupa, akasafisha kitu ndani ya printa kwa kitambaa, akatoa nyingine tatu safi na hakunitoza ile mbovu. Kurasa mbili kila nakala. Kuangalia uanachama shilingi 50, kuchapa 100, kuprinti 60, fotokopi ya kadi 5. Jumla 215, nikalipa kwa M-Pesa, na risiti akaniandikia kwa mkono bila kuombwa. Kuna mahali watakuchapia kwa 30 ukurasa. Hawatakusomea.

Kasoro zipo. Ngazi ni nyembamba na hazina mahali pa kushika. Mtu wa magoti kama mimi apande taratibu, na anayetembea kwa gongo hawezi kabisa. Nilimwambia, akasema mwenye jengo ameambiwa mara nyingi. Saa nane mchana hadi saa kumi wanafunzi wanajaa, kelele inakuwa nyingi, usiende na kazi inayotaka fikira. Na aweke bei ukutani. Bei zake ni za haki, lakini mgeni hawezi kuzijua mpaka aulize.

Nakala mbili nilipeleka chamani siku hiyohiyo, moja yao na moja ya kurudi nayo. Mzee aliyekuwa mezani ananifahamu tangu kampeni za 2007, tulibandika mabango pamoja usiku na ndoo ya uji wa mhogo. Aliisoma yote, kurasa mbili, miwani ikiwa puani. Nilidhani atanigombeza.

"Ya baba yako sikuwa najua," akasema.

Akachukua muhuri, akaupuliza, akagonga nakala zote mbili na kuandika tarehe. Mkono wake ulitetemeka kidogo, lakini ni wa kutetemeka siku zote. Akaniuliza kama Jumapili nitakuwa na mashati ya mikono mirefu, namba kumi na sita ya shingo. Nikamwambia nitamwekea.

Kesho yake nilirudi saiba na nakala yenye muhuri ili ipelekwe kwa Msajili. Kijana alikuwa ameihifadhi barua yangu kwenye faili yenye jina langu. Aliniuliza kama aifute au aiache. Nimemwambia aiache kwanza, maana ndugu yangu ameomba kuisoma.